Bima Hulipwa Siku ya Uzima

Katika nyumba nyingi za nchi yetu habari ya ugonjwa huanza kwa njia moja. Usiku mama aona mtoto ana homa; asubuhi homa imezidi, na baba atoka kwenda kutafuta mnunuzi wa mbuzi. Mnunuzi ajua kabisa kwa nini mbuzi yule anauzwa siku ile, naye hutaja bei aitakayo. Mtoto afika hospitali amechelewa, na mbuzi amekwenda kwa nusu ya thamani yake. Mashaka haya ndiyo yaliyokusudiwa kuondolewa na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge letu mwaka 2023. Twaona watu wengi wamelisikia jina la sheria hii, bali waliofahamishwa maana yake ni wachache. Basi leo tulieleze jambo hili kwa nafasi.

Yafaa kwanza kukumbuka tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu katika hospitali za serikali yalitolewa bila malipo, na mwaka 1977 sheria ilikataza hospitali za kutafuta faida. Hospitali za madhehebu ya dini ziliachwa ziendelee, na baadhi yake zilifanywa hospitali teule za wilaya, yaani serikali ilisaidia gharama nazo zikawatibu watu wote wa wilaya, wa dini yo yote. Nia ilikuwa njema, wala hatuwacheki walioitunga. Lakini hata kitu kitolewacho bure kina mlipaji wake, na mlipaji huyo alikuwa hazina ya serikali. Hazina ilipopungukiwa katika miaka ya 1980, milango ya zahanati ilibaki wazi na makabati yakawa matupu. Mgonjwa alipimwa bure, kisha akapewa karatasi aende kununua dawa dukani. Mwaka 1993 serikali ikaanza kutoza ada, ikianzia hospitali kubwa.

Ada hiyo ilileta fedha kidogo, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa: hudaiwa siku ileile ambayo mtu hana nguvu ya kulima wala ya kuuza. Ndipo mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilipojaribu njia nyingine, iliyoitwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Kila nyumba ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali iliongeza kiasi kilekile juu yake. Watu wakauita mpango huo “tele kwa tele”. Mwaka 2001 mfuko huo ulitungiwa sheria. Hata hivyo haukusitawi kama ilivyotumainiwa. Kadi ilitumika katika kituo kimoja tu, tena mwenye kadi mara kwa mara aliambiwa dawa zimekwisha. Mtu aliyelipa akakosa dawa hakulipa mwaka wa pili, nasi hatuwezi kumlaumu. Mwaka 2018 mfuko ulitengenezwa upya: nyumba ya watu sita ikalipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikaweza kutumika hata katika hospitali ya mkoa.

Pengine msomaji atauliza: Shilingi 30,000 zawezaje kumlipia mtu upasuaji? Na tufanye hesabu. Tuseme kijiji kina nyumba mia, na zote zimelipa. Fedha zilizopatikana ni shilingi 3,000,000. Katika mwaka huo watu watano wapasuliwa, kila mmoja kwa shilingi 400,000. Gharama ni 2,000,000, nayo 1,000,000 yabaki kwa dawa za homa na za tumbo za watu wengine. Sasa tuseme wamelipa kumi tu, na miongoni mwao wamo wale watano, maana walijua wana ugonjwa. Mfuko una shilingi 300,000, ambazo hazitoshi hata mgonjwa wa kwanza. Hakuna aliyeiba, mfuko umekufa kwa sababu wazima walikaa nje.

Hayo si mambo ya kubuni. Wazazi wengi wakumbuka Toto Afya Kadi, iliyotolewa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mwaka 2023 Mfuko ulisimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukataka watoto waandikishwe shuleni au pamoja na jamaa zao, kwa kuwa wengi walioletwa walikuwa wagonjwa tayari. Manung’uniko yalikuwa makubwa, na mzazi mwenye mtoto mwenye ugonjwa wa moyo alikuwa na haki ya kulia. Lakini sisi wengine, tuliokuwa na watoto wazima na fedha ya kununulia vocha za simu, tulikuwa wapi?

Ndiyo maana sheria mpya yamtaka kila mkaaji wa nchi aingie katika bima. Hilo twalikubali. Lakini wajibu si wa wananchi peke yao. Serikali itakayomlazimisha mkulima kulipa kabla ya kuugua imejifunga kuhakikisha kwamba akiugua atakuta dawa. Tena bei inayolipwa na mfuko kwa hospitali lazima iwe ya haki. Mwezi Machi 2024 hospitali kadhaa zisizo za serikali zilikataa kwa muda kupokea kadi za Mfuko wa Taifa, kwa kutopatana juu ya bei mpya, na wagonjwa wenye kadi halali walirudishwa mlangoni. Hospitali zetu za kanisa, ambazo nyingi zipo vijijini na hazina hazina nyingine, zikilipwa pungufu au kwa kuchelewa hushindwa kuwapa wauguzi mishahara.

Yabaki habari ya maskini, nayo ndiyo ngumu kupita zote. Sheria imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na miongoni mwa vyanzo vyake ni kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Nani basi asiye na uwezo? Katika nchi jirani ya Rwanda, ambako mifuko ya afya ya jamii ilianza kujaribiwa mwaka 1999, majirani walikaa pamoja kwa miaka mingi kuzipanga nyumba za mtaa kwa madaraja, na nyumba maskini kabisa zililipiwa. Walikuwapo walionung’unikia daraja walilopewa. Lakini jambo lilisemwa mbele ya watu.

Kwetu pia orodha ya namna hii yahitaji macho ya majirani. Mjane anayekaa mwisho wa kijiji hajui siku ya mkutano, wala hana mtu wa kumtaja. Shemeji wa kiongozi anao. Baba na mama mnaosoma gazeti hili, majina yatakaposomwa mkutanoni kijijini kwenu, nendeni mkasikilize, na likikosekana jina la yule mjane, simameni mlitaje.