Chuma, Mvuje na Hirizi: Hukumu ya Vitu Vitumiwavyo Kuwa Kinga ya Majini

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake:

Ni mazoea ya tangu kale katika miji ya pwani kwamba mtoto mchanga huwekewa kisu chini ya mto, hufungwa mvuje katika kitambaa cheusi, na hupakwa wanja pajini. Husemwa kuwa jini hukimbia chuma na harufu kali, na kwamba jicho baya huangukia ule weusi lisimdhuru mtoto. Wala haya si ya Waswahili peke yao. Huko Misri zamani, mtu aonapo kimbunga cha vumbi hudhani ni jini apitaye, akapiga ukelele wa kutaja chuma. Na Waarabu wa Jahilia walikuwa wakijitundikia kifundo cha mguu wa sungura kwa kuogopa majini na jicho.

Uislamu uliyakuta mambo ya namna hii ukayakata. Amepokea Abu Bashir Al-Ansari, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini alituma mjumbe ili ugwe wa upinde uliovishwa shingoni mwa ngamia usiachwe ila ukatwe. Imamu Malik aliona kuwa ugwe huo ulifungwa kwa ajili ya jicho. Na Imran bin Huswein amepokea habari za mtu aliyevaa kikuku cha shaba kwa maradhi. Mtume akamwamuru akivue, akambainishia kuwa hakimzidishii ila udhaifu.

Majini wako, wala Mwislamu hakanushi. Kinachokataliwa ni kukipa chuma uwezo ambao hakupewa. Mwenyezi Mungu amekitaja katika Suratul Hadid, aya ya 25, kuwa kina nguvu na manufaa kwa watu: ndicho nanga, ndicho jembe, ndicho upanga. Kwamba jini hukiogopa, hilo halimo katika aya hiyo. Na kisu kumkata mtoto ni jambo lililo karibu zaidi kuliko kumfukuza jini.

Ama hirizi ya Qur'ani, wanazuoni wamekhitalifiana tangu zama za Masahaba. Ibn Masud alimkatia mkewe uzi aliokuwa ameuvaa shingoni. Abdullah bin Amr imepokewa kwamba aliwaandikia watoto wake wadogo maneno ya kinga, akiwatundikia. Imamu Al-Baihaqi, naye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, ameeleza kuwa katazo ni kwa mwenye kuitakidi kwamba kitu chenyewe ndicho kiondoacho madhara. Ama mwenye kutaka baraka, naye ajua hakuna aondoaye ila Mwenyezi Mungu, hana ubaya. Lakini nyingi katika hirizi ziuzwazo, zikifumuliwa hukutwa miraba, tarakimu, na majina ambayo hata mwenye kuyaandika hawezi kuyafasiri. Hizo hazimo katika khitilafu hiyo.

Na madhara makubwa ya itikadi hii huonekana katika degedege. Mtoto hushikwa na homa, viungo vikakakamaa, macho yakapinduka. Husemwa ni shetani aliyempitia kwa sura ya ndege. Hapo huanza kufukizwa, hutafutwa mvuje, huitwa fundi, na usiku ukapita. Degedege mara nyingi huletwa na malaria iliyokuwa kali, na tiba yake iko hospitali; kwa maradhi hayo saa chache ndizo zitenganishazo uzima na mauti. Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu kujitibu, kama alivyopokea Usama bin Sharik. Baba amsomeaye mwanawe Fatiha na Muawidhatain njiani akimpeleka kwa daktari, amekusanya kisomo na dawa. Amchelewishaye kwa kungoja moshi wa ubani, amemdhulumu.

Kinga iliyofundishwa ni nyepesi, wala hainunuliwi: jua likichwa watoto wazuiliwe ndani, milango ifungwe kwa Bismillahi, vyombo vifunikwe, isomwe Ayatul Kursiyu wakati wa kulala.

Na bibi wa mtoto akikataa mvuje kufunguliwa, asikemewe mbele ya watu. Asomewe hadithi ya Imran kwa upole, na mvuje urudishwe katika kasha la dawa, kwani wenyewe ni utomvu wa mmea, si haramu.

Wallahu aalam.