Kangaja na Milki Yake: Kumfuga Samaki Mla-Mwani Nyumbani

Miongoni mwa samaki wa miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, ni wachache wapendezao macho kama kangaja wa buluu, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Acanthurus leucosternon. Mwili wake ni wa samawati, uso mweusi, kidari cheupe na pezi la mgongoni la manjano. Hupatikana tangu pwani ya Afrika ya Mashariki hadi Indonesia, na kwa uzuri wake hutafutwa sana na wafugaji wa samaki wa mapambo. Hata hivyo, wengi wamfugao humwona akiwashambulia wenzake hadi kuwaua, au akikonda na kufa yeye mwenyewe. Mambo haya mawili yana chanzo kimoja.

Asili ya ugomvi

Kangaja hula mwani mfupi uotao juu ya mawe kama zulia. Chakula hiki kina nguvu kidogo, hivyo samaki hulazimika kula karibu mchana kutwa. Lakini mwani haukimbii, na huota tena baada ya kuliwa. Kwa sababu hiyo sehemu ya mwamba yenye mwani mzuri ni mfano wa shamba: alilindaye leo atavuna kesho. Ulinzi nao una gharama, na huwa na faida pale tu ambapo chakula kilichookolewa kinazidi nguvu zilizotumika kuwafukuza wezi.

Mtaalamu wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz wa Austria, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba samaki wa miamba wenye rangi kali huwashambulia hasa wa jinsi yao. Uchunguzi wa baadaye uliyapanua maelezo hayo. Utafiti uliofanywa Aldabra, katika Shelisheli, na kuchapishwa mwaka 1979, ulionyesha kwamba kangaja huyu hulinda milki ya malisho. Anayefukuzwa mara nyingi si ndugu pekee, bali pia mgeni wa jinsi nyingine alaye mwani ule ule.

Kioo na mkimbizi

Baharini, mgeni aliyefukuzwa huogelea mita chache akawa nje ya milki, na ugomvi ukaisha. Katika tangi, mkimbizi hugonga kioo. Kwa kuwa bado yumo ndani ya milki, mwenyeji huendelea kumfukuza. Tena kangaja ana silaha: kila upande wa shina la mkia upo mwiba mkali kama kisu cha mpasuaji, ambao hulazwa katika mfuo wake na kuchomoza wakati wa vita.

Masharti ya kumfuga

1. Nafasi. Tangi liwe la lita 500 au zaidi, na urefu wa sentimeta 180 hivi. Mawe yapangwe yawe na mapango ya kujificha.

2. Maji. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na chumvi ikaribie gramu 35 katika kila kilo ya maji. Tangi liendeshwe wiki nne hadi sita kabla ya kuingiza samaki, ili waote bakteria wageuzao amonia kuwa nitriti, kisha nitreti. Amonia ni sumu, na ukali wake huzidi katika maji yenye alkali kama ya bahari.

3. Chakula. Mwani ufungwe kwenye jiwe kila siku, ili samaki adonoe kutwa nzima. Tumbo lililobonyea ni dalili ya njaa.

4. Wenzake. Afugwe kangaja mmoja tu, naye awe wa mwisho kuingizwa, kwani aliyetangulia hulihesabu tangi zima kuwa lake. Ikiwa ni lazima kuongeza samaki, mawe yapangwe upya ili mipaka ya zamani ipotee. Mgeni atengwe kwanza kwa kioo chenye matundu mpaka wazoeane.

5. Karantini. Kangaja hushikwa kwa urahisi na ugonjwa wa madoa meupe, uletwao na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kimelea huanguka kutoka kwa samaki, hujifunika chini ya tangi, kisha hutoa vimelea vipya vingi. Kwa hiyo kupotea kwa madoa si ushahidi wa kupona. Mgeni akae peke yake kwa wiki kadhaa.

Hitimisho

Ugomvi wa kangaja, basi, ni ulinzi wa shamba, na hupungua mwani unapokuwa mwingi, nafasi kubwa na washindani wachache. Karibu kangaja wote wa buluu wauzwao huvuliwa baharini. Huko kulisha kwao huuzuia mwani usiyafunike matumbawe. Asiyeweza kutimiza masharti haya amwache mwambani, kwani kila kangaja afaye katika tangi dogo ni mlishaji mmoja aliyepungua baharini.