Mayai Viza: Kutotoa Vifaranga Wakati wa Joto

Kuku wako mdogo ameatamia mayai 14. Siku zimetimia. Wametoka vifaranga 4 tu. Mayai mengine yote ni viza. Huenda ukasema, "Jirani ana jicho baya."

Ndugu msomaji, usimgombeze jirani. Kwanza jiulize: Mayai yale yalitagwa lini? Yalikaa wapi?

1. Joto huharibu yai namna gani?

Yai lililopata mbegu ya jogoo lina uhai ndani yake. Yai likikaa mahali pa baridi, uhai huo hulala. Kuku akiliatamia, joto la mwili wake huuamsha. Yai linaloatamiwa hupata joto la kama nyuzi 38.

Katika miezi ya joto, mchana ndani ya nyumba ya bati huweza kupita nyuzi 30. Joto hilo huamsha uhai wa yai, lakini halitoshi kukuza kifaranga. Uhai huanza kukua mchana. Usiku husimama. Kesho huanza tena. Mwisho hufa. Kuku akija kuliatamia yai hilo, anaatamia kitu kilichokwisha kufa.

2. Andika tarehe

Sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu yako. Kila siku okota yai jipya. Mwachie kuku yai moja la zamani lenye alama, asihame kiota. Juu ya yai jipya andika tarehe kwa penseli. Usilioshe.

Weka mayai ndani ya chungu, mahali penye kivuli na hewa. Fukia nusu ya chungu katika mchanga wenye unyevu. Mayai yenyewe yasilowe maji.

Kuku akianza kuatamia, soma tarehe. Mwekee mayai ya siku 7 za mwisho tu. Joto likiwa kali sana, siku 5 ni bora. Mayai ya mwanzo usiyangoje yaharibike. Wapikie watoto au uyauze yangali mazuri.

Kuku mdogo hufunika mayai 6 hadi 8. Ukimwekea 14, ya pembeni hupata baridi alfajiri. Mwekee jioni, apate kutulia usiku.

3. Kiota na maji

Weka kiota chini, penye kivuli, mbali na bati. Chimba kishimo kidogo. Nyunyiza majivu makavu kupunguza utitiri, kisha tandika nyasi kavu. Kuku anayesumbuliwa na utitiri au joto huacha mayai.

Weka maji na nafaka karibu naye. Ukimwona anahema mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili, joto limemzidi. Ongeza kivuli na hewa.

Siku ya 7, wakati wa usiku, mulika mayai kwa tochi. Yai lenye mishipa myekundu kama mizizi lina kifaranga. Yai lililo jeupe ndani, kama siku ya kwanza, halina. Litoe.

Vifaranga hutoka siku ya 21. Usiwavunjie maganda. Ngoja.

4. Kulea vifaranga

Kifaranga aliyetoka leo bado ana chakula cha kiini tumboni. Lakini kiu wakati wa joto humwua upesi. Mpe maji safi ndani ya kigae kifupi. Tia vijiwe ndani, asizame. Badili maji asubuhi, mchana na jioni.

Wafunike kwa tenga chini ya mti, pamoja na mama yao. Mwewe hatawafikia. Lakini kivuli huhama! Tenga lililo kivulini asubuhi huweza kuwa juani saa sita. Lihamishe.

Wape chakula asubuhi mapema na jioni. Pumba, chenga za mahindi, mchwa na dagaa waliosagwa ni chakula kizuri.

Watazame. Wakihema na kutandaza mabawa, wanaona joto. Wakilia na kusongamana, wanaona baridi. Hata mwezi wa joto, usiku wanamhitaji mama yao.

5. Chanjo

Vifaranga waliolelewa vizuri huweza kufa wote kwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu hauna dawa ya kutibu, bali una chanjo. Mwone ofisa mifugo. Chanjo ya I-2 hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chanjo hii huvumilia joto kuliko nyingine, lakini usiianike juani.

Kuku huyu mmoja ni daftari la mtoto, chumvi na sabuni ya nyumba. Yai lililooza halimfai mtu. Penseli yako huweza kuliokoa.

Maswali

1. Kwa nini yai huharibika ndani ya nyumba yenye joto kabla kuku hajaliatamia?

2. Kuku wa Mama Asha alianza kutaga Oktoba 23. Ameanza kuatamia jioni ya Novemba 5. Je, yai lenye tarehe Oktoba 24 liwekwe au liliwe mapema? Na lenye tarehe Novemba 2?

3. Hesabu siku 21 kuanzia Novemba 5. Vifaranga watatoka tarehe ngapi?

4. Leo okota yai moja nyumbani kwako. Andika tarehe juu yake.