Somo la Nne: Kuomba Nafasi ya Chuo Kikuu

Lengo: Baada ya somo hili, mwombaji aweze kupanga hatua za maombi yake, kupima sifa zake kabla ya kulipa ada, na kuulinda uamuzi wake wa mwisho.

Elimu ya juu ni miongoni mwa huduma zenye gharama kubwa ambazo familia hununua. Anunuaye gunia la mahindi huchota punje akazitazama kabla ya kutoa fedha. Anunuaye miaka mitatu au mitano ya masomo hana budi kufanya vivyo hivyo. Tangu 2017, waombaji wa shahada ya kwanza nchini Tanzania hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni. Uhuru wa kuchagua umeongezeka, na wajibu wa kuchunguza umeongezeka pamoja nao.

1. Itumie vyema miezi ya kusubiri

Mtihani wa Kidato cha Sita hufanyika Mei, na matokeo kwa kawaida hutangazwa Julai. Muda ulio katikati ni wa kutayarisha nyaraka. Linganisha jina lako katika cheti cha kuzaliwa na lile la cheti cha Kidato cha Nne, herufi kwa herufi. Atakayeomba mkopo ahakikishiwe cheti chake cha kuzaliwa na RITA, au na ZCSRA kwa aliyezaliwa Zanzibar. Yatima huhitaji pia uhakiki wa cheti cha kifo cha mzazi. Kasoro inayogunduliwa Juni hurekebishwa kwa utulivu. Inayogunduliwa siku ya mwisho huweza kumgharimu mwombaji mwaka mzima.

2. Pima sifa kabla ya kulipa

Sharti la jumla kwa mhitimu wa Kidato cha Sita ni ufaulu mkuu, yaani daraja A hadi E, katika masomo mawili yanayohusiana na programu, yenye jumla ya alama zisizopungua 4. Daraja A lina alama 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Daraja S si ufaulu mkuu.

Mfano: Mwombaji amepata C katika Kemia, C katika Biolojia na S katika Fizikia. Masomo mawili ya kwanza yanampa alama 6, hivyo ametimiza sharti la jumla. Hata hivyo, udaktari wa binadamu hudai ufaulu mkuu katika masomo yote matatu. Ada ya maombi atakayolipa kwa programu hiyo itapotea bure, ilhali zipo programu nyingine za sayansi zinazompokea. Asiyetimiza sharti la jumla naye hajafungiwa njia: aweza kuanzia ngazi ya stashahada.

3. Chunguza chuo na gharama zake

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha vyuo, programu na sifa zinazohitajika. Kutambuliwa kwa chuo hakumaanishi kwamba kila programu kinayoitangaza imeidhinishwa. Tafuta jina la programu yenyewe. Kisha omba mchanganuo wa gharama kwa maandishi: ada ya masomo, usajili, malazi, mitihani na mafunzo kwa vitendo. Uliza pia kama fedha hurejeshwa mwanafunzi anapohama, na tunza kila stakabadhi.

4. Mkopo huombwa peke yake

Kupata nafasi chuoni si kupata mkopo. Maombi ya mkopo hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), kwa muda na masharti yake. Familia ijadili mapema italipa nini iwapo mkopo utatolewa kwa sehemu tu, au usitolewe kabisa. Ikumbukwe kuwa mkopo ni deni: mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

5. Thibitisha mwenyewe

Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa. Hapa ndipo vishoka huvizia. Waombaji wengi hujaziwa fomu katika maduka ya huduma za intaneti, na wengine huacha namba ya simu na nywila mikononi mwa mhudumu. Mwenye kushika namba ya siri ndiye mwenye kushika uamuzi. Aweza kukufunga katika chuo usichokusudia. Tumia namba yako ya simu au ya mzazi, badilisha nywila utokapo dukani, na usimpe mtu yeyote namba ya uthibitisho, hata akijitambulisha kuwa ni ofisa wa chuo.

Maswali ya kujipima

1. Je, majina katika vyeti vyako vyote yanalingana?
2. Ni masomo gani mawili au matatu yanayohesabiwa katika programu unayoitaka, na una alama ngapi?
3. Familia italipa kiasi gani mwaka wa kwanza, mkopo usipopatikana?
4. Ni nani, mbali na wewe, anayeijua nywila ya maombi yako?