Nyumba ya Mnada Tarime: Dalali ni wa Nani?

Swali: Benki inanadi nyumba mjini Tarime. Dalali mmoja ataka nimpe ada mapema ili anisimamie. Nimkubalie?
Msomaji, Sirari

Jibu: Ndugu, hapo kuna madalali wawili. Wa mnada ametumwa na benki, na furaha yake ni bei ipande. Wa mtaani anakula kamisheni. Kwake chukua habari za jirani na mipaka ya kiwanja, umlipe kazi ikiisha. Hati na rehani kazitafute kwa Msajili wa Hati.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, mkopaji hupewa notisi ya siku 60 kabla nyumba haijauzwa, na Sheria ya Madalali inataka mnada utangazwe siku 14 kabla. Omba kuona karatasi zote mbili. Kisha uliza jambo ambalo dalali hulikwepa: nyumba ikiwa ya familia, mwenzi aliridhia rehani? Sheria inataja mwenzi au wenzi wanaoishi humo, na huko Tarime Wakurya wengine wana wake zaidi ya mmoja. Saini ya bi mkubwa pekee isikutulize.

Fedha ya nyumba weka kwenye akaunti ya benki inayouza, usimkabidhi dalali mkononi.