Shaka Inayoanza Ghafla: Mwili Upimwe Kwanza

Mzee aliyeishi vyema na watu wake miaka yote anaanza, ndani ya siku tatu, kukataa chakula cha mke wa mwanawe akidai kimetiwa sumu. Usiku halali, husikia watu wakinong'ona dirishani. Katika kaya nyingi husemwa amerogwa au ameingiwa na wazimu. Kauli zote mbili huchelewesha tiba, na ya kwanza huweza kumtia hatarini mtu asiye na hatia.

Kuamini bila ushahidi kwamba watu wanataka kukudhuru huitwa paranoia. Skizofrenia ni chanzo kimoja tu, na aghalabu huanza ujanani. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: hali imeanza lini?

Ikianza ghafla, hasa uzeeni, huenda chanzo ni maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria kali au sukari kushuka. Ikija taratibu, huenda ni ugonjwa wa kusahau au usikivu uliopungua, kwani asiyesikia vizuri huona wenzake wakicheka akadhani anachekwa yeye. Kaswende isiyotibiwa, VVU, kifafa na upungufu wa vitamini B12 navyo huathiri ubongo. Bangi na mirungi huzua shaka, na baadhi ya dawa za hospitali, kama prednisolone, huweza kufanya hivyo. Mlevi wa muda mrefu anayeacha pombe ghafla, kisha akaanza kutetemeka na kuona yasiyokuwepo, ni mgonjwa wa dharura.

Kwa upande wa nafsi, vyanzo ni pamoja na sonona kali, kiwewe kitokanacho na ukatili, na kukosa usingizi kwa siku nyingi. Mama aliyejifungua karibuni akionesha dalili hizi asiachwe peke yake na mtoto. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wakazi wa Nangara wanashauriwa kumfikisha mgonjwa katika kituo cha afya mapema, wakieleza siku hali ilipoanza na kubeba dawa zote anazotumia, za miti shamba zikiwemo. Asibishiwe, asichekwe, wala asifungwe kamba. Dua na maombi havikatazwi, ila visichukue nafasi ya vipimo.

Maambukizi yakigunduliwa na kutibiwa mapema, mzee huyo anaweza kurudi kula chakula cha mkwewe bila hofu.