SOMO LA ROBO HII: ANAYEMHUDUMIA MPIGANAJI



Kila tarehe 25 Julai tunakumbuka mashujaa, na makaburi ya Kaboya kule Kagera yanatajwa kwa heshima. Katika somo hili tuwatazame waliorudi hai, na zaidi wale wanaowainua kitandani kila asubuhi.

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, vijana wa Musoma, Bunda na Butiama waliondoka. Baadhi walikuwa askari wa kudumu, wengine mgambo waliotoka moja kwa moja shambani. Nguvu yetu ilikua hadi kupita watu 100,000. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mgambo wengi wakarudi kwenye majembe yao bila pensheni. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 65, na mke wake naye ni bibi.

Nilimtembelea mama mmoja wa Butiama. Mume wake alirudi na mguu ulioharibiwa na bomu la ardhini. Sasa na kiharusi kimemwongezea. Mama anamgeuza usiku, anachota maji, na biashara yake ya dagaa ameiacha. Nilipomwuliza yeye anapata msaada gani, alicheka, akasema mgonjwa siyo yeye.

Hapo ndipo penye tatizo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inazungumzia matibabu bure kwa wazee wasiojiweza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. TASAF inafikia kaya maskini. Yote ni mema, lakini mtunzaji hana nafasi yake humo.

Wala wazo hili si geni serikalini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inayo malipo kwa anayemhudumia mgonjwa aliyeumia kazini. Ng'ambo ya Sirari, Kenya ilipanga shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na mtunzaji ndiye anayezipokea kwa niaba yake.

Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 2010 ya kuwalipa posho ndugu wanaowatunza wapiganaji. Ila ilianza na walioumia baada ya tarehe 11 Septemba 2001 tu. Wake wa wapiganaji wa Vietnam, wazee kabisa, walisubiri sheria ya 2018, na utekelezaji kwao ukaanza 2020. Wengine hawakufika. Nasi tukiomba posho kwa wenye karatasi za pensheni peke yao, mke wa mgambo atabaki nje hivyo hivyo.

Tunaomba kila kamati ijadili:

Ni kaya ngapi mtaani kwenu zina mpiganaji asiyeweza kujihudumia? Nani anamtunza, ana umri gani, na ameacha kazi gani? Mzee anacho kitambulisho cha matibabu? Kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji inakutana, au ipo kwenye karatasi tu?

Andikeni majibu kwa ruhusa ya familia. Nakala moja apewe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, nyingine diwani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla, hivyo tafadhali orodha zitufikie kabla ya Krismasi.